Upanga Mfupi na Nguo Zake

Kinachouzuia upanga wa Kijapani usichomoke mpinini ni kijiti cha mwanzi, chembamba kuliko penseli. Hapana skrubu, hapana ribiti, hapana gundi. Anayetaka kuufungua huchukua kinyundo cha shaba chenye ncha nyembamba, akakisukuma kijiti kutoka upande mmoja mpaka kitokeze upande wa pili. Kisha huusimamisha upanga mshazari, ncha juu, mkono wa kushoto umeshika mwisho wa mpini, na kwa ngumi ya kulia hujigonga kwenye kifundo cha ule mkono wa kushoto. Pigo la kwanza halifanyi kitu. La pili, chuma kinaanza kucheza. Ikiwa ni upanga mfupi, la tatu lazima liwe la adabu, maana msuka wake, ile sehemu iliyozama mpinini, haina urefu wa kutosha, na mwenye papara anaweza kukiona chuma cha miaka 600 kikiruka na kutua sakafuni kwa ncha.

Vikishafunguka, vitu hupangwa juu ya kitambaa: ala, mpini, kibati chembamba cha shaba mfano wa washa, kinga ya mkono iitwayo tsuba, washa ya pili, na kikuku cha shaba, mara nyingi kilichovikwa dhahabu, ambacho kazi yake ni kuukaza upanga kwenye mdomo wa ala. Unabaki upanga mtupu. Bapa lake limetulia na kung'aa kama maji ya mtungini. Msuka je? Mweusi, una kutu juu hadi chini.

Mgeni hushangaa: kazi yote hiyo, halafu wakaacha kutu? Lakini kutu hiyo ndiyo inayotaja umri. Chuma kilichofuliwa karne ya 14 kina kutu nyeusi, laini, iliyokwisha kutulia. Cha juzi kina kutu nyekundu inayochafua vidole. Ndani ya kutu hiyo ndimo mhunzi alimochonga jina lake kwa tindo, pengine na jimbo lake na mwaka. Anayeusugua msuka ili upendeze amefuta ushahidi wote, na upanga wake unabaki yatima.

Nilipojifunza jambo hilo nilimkumbuka mjomba wangu. Nyumbani kwake palikuwa na jambia la marehemu babu, limetundikwa ukutani juu ya kochi. Kila mkesha wa Idi sisi watoto tulikabidhiwa tulisugue kwa majivu na ndimu, nasi tulisugua kwelikweli, mwaka baada ya mwaka, mpaka maua ya fedha kwenye ala yakalainika yakawa kama yamechorwa kwa kidole kwenye unga. Tulisifiwa sana. Mkusanyaji wa Kijapani angelia.

Wajapani hupima upanga kwa shaku, kipimo cha sentimita 30.3. Usiofika shaku moja huitwa tanto. Wa kati ya shaku moja na mbili ni wakizashi. Unaovuka mbili ndio katana, ule mrefu wa kwenye sinema, na huo umesifiwa vya kutosha. Makala haya ni ya wadogo zake, kwa sababu kwa maoni yangu mafundi walimwaga ujuzi wao wote huko, na chanzo chake ni mambo ya nyumbani kuliko ya vitani.

Katika zama za utawala wa Tokugawa, mwaka 1603 hadi 1868, samurai aliyekwenda kumtembelea mwenzake aliuvua upanga mrefu alipoingia. Ule mfupi ulibaki kiunoni. Alikaa nao mkekani, akanywa nao chai, na macho ya mwenyeji wake yalikuwa umbali wa hatua mbili. Kitu kinachotazamwa kwa karibu kiasi hicho hakiwezi kufanywa ovyo. Tena walikuwapo wafanyabiashara. Katika karne ya 17 watu wasio samurai walikatazwa mapanga marefu, lakini wakizashi waliachiwa. Miji ya Edo na Osaka ilikuwa na matajiri wa mchele, wa pombe na wa mbao, watu waliowakopesha mabwana wenyewe, na sheria zilikuwa zikiwabana hata katika nguo walizovaa. Fedha yao ikatafuta pa kupenya. Ikapenyea kwenye nakshi zisizozidi ukubwa wa kidole.

Tanto ina nasaba ya zamani zaidi. Katika karne ya 13, eneo la Awataguchi mjini Kyoto, alikuwapo mhunzi Yoshimitsu, ambaye karibu kazi yake yote iliyobaki ni ya visu vifupi. Inasimuliwa kwamba mwaka 1493 bwana wa vita Hatakeyama Masanaga, baada ya kushindwa na kuzingirwa, alitaka kujiua kwa tanto ya Yoshimitsu, na kisu kikagoma kuingia tumboni. Akakitupa kwa hasira, kikaenda kutoboa chombo cha chuma cha kusagia dawa. Watu wakasema kisu cha Yoshimitsu hukata kila kitu isipokuwa tumbo la bwana wake. Siamini hata neno moja, lakini naona kwa nini mabwana waliokuja baadaye walivitafuta visu hivyo kwa udi na uvumba. Nani asiyetaka kisu chenye utii namna hiyo?

Baada yake kidogo, huko Kamakura, akaja Masamune, jina ambalo hata asiyejua chochote kuhusu mapanga huenda amelisikia. Tanto tatu za mkono wake ni fupi na pana kupita kawaida, hata zikabandikwa jina la Hocho, yaani kisu cha jikoni. Zote tatu zimetangazwa hazina ya taifa la Japani, na moja imo katika Makumbusho ya Sanaa ya Tokugawa mjini Nagoya. Hazitoshi hata kukata tikiti maji, na hakuna bei inayoweza kuzitoa zilipo.

Chuma cha mapanga haya yote hutokana na mchanga. Milimani Okuizumo, mkoa wa Shimane, mchanga mweusi wenye chuma uliyeyushwa kwa karne nyingi katika tanuri la udongo liitwalo tatara. Mwaka 1977 chama cha kuhifadhi mapanga ya sanaa kililiwasha upya tanuri la namna hiyo ili wahunzi wa leo wasikose chuma cha asili. Moto huwaka siku tatu, usiku na mchana, huku watu wakipokezana kumwaga mchanga na makaa. Kiasi cha tani 10 za mchanga na tani 12 za makaa huzaa bonge la takriban tani mbili na nusu, na ndani ya bonge hilo chuma safi cha kufulia upanga hakifiki tani moja. Tanuri lenyewe hubomolewa ili bonge litoke. Likihitajika tena, hujengwa jingine.

Kuhusu kukunja chuma, zimesemwa chumvi nyingi. Si mikunjo elfu. Ni kama 10 hadi 15, ila kila mkunjo huzidisha matabaka maradufu, na mkunjo wa 15 hufikisha matabaka 32,768. Lengo lake ni kutoa taka na kuisambaza kaboni sawasawa. Uzuri unakuja wenyewe: bapa likishanolewa huonyesha mistari kama ya mbao iliyorandwa, mahali imenyooka, mahali ina mafundo.

Hapo bado upanga hauna makali ya kusifiwa. Makali huzaliwa kwa udongo na maji. Mhunzi hukanda udongo na unga wa makaa na unga wa jiwe la kunolea, akaupaka upanga: mgongoni mnene, kwenye makali mwembamba kama rangi ya ukutani. Kila fundi ana kipimo chake na hakimwagi hadharani. Kisha huzima taa za karakana, kwa maana mwanga humdanganya mtu kuhusu rangi ya chuma cha moto. Huupitisha upanga katika makaa, mbele, nyuma, akiuangalia mpaka wekundu ulingane kote, na kwa mara moja huuchovya majini.

Palipopakwa udongo mwembamba hupoa ghafla na kuwa pagumu mno. Palipopakwa mnene hupoa kwa taratibu na kubaki laini. Ndiyo maana upanga huo una makali magumu kama kioo na mgongo unaoweza kuhimili kishindo. Hatari yake nayo ni hiyohiyo. Ukisikika mlio mdogo tu ndani ya maji, kama wa glasi inayoatuka, basi kazi ya majuma imekwisha, na hakuna fundi wa kuutibu ufa huo.

Ukipona, pale ugumu na ulaini vinapokutana hubaki mpaka mweupe unaokwenda sambamba na makali. Wajapani huuita hamon. Wahunzi wa jimbo la Bizen walipenda hamon yenye mawimbi ya duara yaliyobanana, mfano wa vichwa vya karafuu, na karafuu ndilo neno walilotumia wao wenyewe. Yoshimitsu alipenda mstari mnyoofu. Wengi huona mawimbi ndiyo kazi ngumu. Mimi nauona mstari mnyoofu kama mtu aimbaye bila ngoma: akikosea, hana pa kujificha. Ukiuinamisha upanga kuelekea taa, mstari huo huonekana umejaa chembe ndogo zinazometa, nyingine kubwa kama mchanga wenye chumvi, nyingine ndogo mno hata zikawa ukungu. Ni fuwele za chuma. Hakuna aliyezichora.

Lakini hazionekani mpaka mnoaji afike, na mnoaji ni fundi mwingine kabisa. Huanza kwa vinoo vikwaruzi, akapanda daraja hadi mawe laini, na mwishoni hutumia vijiwe vyembamba kama ukucha, vilivyobandikwa karatasi kwa nyuma, akivisukuma kwa kidole gumba juu ya bapa. Kazi huweza kuchukua majuma. Kila kunoa hula chuma, na upanga una chuma cha kuliwa kwa mara chache tu; kwa hiyo mnoaji bora ndiye aliyeondoa kidogo. Ukoo wa Honami ulifanya kazi hiyo Kyoto vizazi kwa vizazi, na pia ukatathmini mapanga na kuyaandikia vyeti kwenye karatasi zilizokunjwa, origami. Mpaka leo Mjapani akitaka kusema kitu ni cha kuaminika kabisa husema kina origami yake.

Sasa nguo. Vazi zima la upanga huitwa koshirae, na hapa ndipo wakizashi na tanto zinapoiacha katana nyuma.

Ala huchongwa kwa mti mlaini uitwao ho, vipande viwili vilivyogandishwa kwa uji mzito wa wali. Kwa nini uji, na gundi kali zipo? Ili siku kutu ikiingia, ala ipasuliwe palepale ilipounganishwa, isafishwe, igandishwe tena. Nje hupakwa utomvu wa mti wa urushi, koti juu ya koti, na utomvu huo una tabia ya ajabu: haukauki juani, hukauka penye unyevu. Mafundi huweka ala zao katika kabati lenye maji maji.

Mpini huvikwa ngozi ya taa. Msomaji wa pwani anamjua samaki huyo sokoni, lakini pengine hajapata kuitazama ngozi yake ikiwa imesafishwa: vitone vyeupe vigumu kama punje za mtama, na katikati ya mgongo mstari wa vikubwa zaidi. Japani iliagiza ngozi hizo kutoka nchi za kusini, na meli za Waholanzi na Wachina zilizishusha Nagasaki kwa miaka mingi. Juu ya ngozi husukwa utepe wa hariri unaopishana kushoto na kulia, ukiacha vidirisha vya pembe nne ambamo weupe wa taa unachungulia. Chini ya kila pishano hufichwa kikaratasi kilichokunjwa, ili utepe usimame na usiteleze kiganjani. Hakuna atakayekiona kikaratasi hicho maisha yake yote, ila mkono utajua kama hakipo.

Tanto nyingi hazina tsuba. Mdomo wa mpini hukutana moja kwa moja na mdomo wa ala, na mtindo huo huitwa aikuchi, midomo iliyokutana. Wakizashi huwa nayo, na tsuba hizo ni ulimwengu mzima: nyingine chuma kitupu kilichotobolewa umbo la ndege, nyingine zimetiwa njumu za dhahabu na fedha. Nitazipita, kwa kuwa zimeandikiwa vitabu. Nataka tutazame kijifuko kilichochimbwa ubavuni mwa ala.

Humo hukaa kisu kidogo chenye kipini cha bapa, kozuka, urefu wake chini kidogo ya sentimita 10 na upana kama wa kidole. Sinema humwonyesha samurai akikirusha kikamchome adui jichoni. Katika maisha kilikata karatasi na kuchonga vijiti. Upande wa pili wa ala hukaa kogai, pini ya kutengenezea nywele, na ncha yake ya juu imefanywa kijiko kidogo cha kuchokolea masikio. Ndiyo, masikio. Shujaa mwenye mapanga mawili kiunoni alitembea pia na kichokoleo cha masikio, nacho kilitengenezwa na mafundi walioheshimika kuliko wote.

Mafundi hao ni ukoo wa Goto. Mwanzilishi wake, Goto Yujo, aliyezaliwa mwaka 1440 na kufariki 1512, alimtumikia shoguni, yaani mtawala wa kijeshi, Ashikaga Yoshimasa, na ukoo uliendelea vizazi 17 hadi enzi ya Meiji, iliyofuata ile ya Tokugawa. Walisifika hasa kwa vitu vya mahali patatu: kozuka, kogai, na jozi ya vinyago vidogo, menuki, vinavyobanwa chini ya utepe wa mpini. Mchoro mmoja, simba au joka, uliendelezwa katika vyote.

Tazama uwanja nyuma ya simba huyo. Umejaa vitone vya mviringo, safu kwa safu, vimebanana kama mayai ya samaki, na ndiyo maana huitwa nanako. Kila kitone kimegongwa peke yake, kwa tindo yenye ncha iliyochimbwa kama kikombe, na hakifiki milimita moja. Kipini kimoja kina mamia kwa mamia. Safu ikipinda hairekebishiki. Fundi huanza upya na kipande kingine. Nimewahi kujaribu kuhesabu safu kwa kioo cha kukuzia nikaacha katikati, macho yakitoa machozi. Aliyezigonga hakuwa na taa ya umeme.

Uwanja huo ni mweusi, na weusi wake una hadithi. Ni mchanganyiko uitwao shakudo: shaba nyekundu iliyotiwa dhahabu kidogo, kwa kawaida sehemu 3 hadi 5 katika 100. Ikitoka nyundoni hufanana na shaba yoyote ya sufuria. Fundi huitakasa, huipitisha katika maji ya figili nyeupe iliyokunwa, figili ileile inayoliwa pamoja na samaki, kisha huichemsha katika maji yenye chumvi za shaba. Taratibu hugeuka kahawia, kisha nyeusi, mwishowe weusi wenye zambarau ndani yake kama bawa la kunguru juani. Bila ile dhahabu kidogo weusi huo haupatikani. Tajiri ametia dhahabu ndani ya kitu ili kisionekane dhahabu. Sijui majivuno mengine yaliyovaa unyenyekevu namna hiyo. Na si rangi ya kupaka. Ni ngozi ya metali yenyewe, nyembamba ajabu, na dawa ya kung'arishia vyombo huiondoa kwa dakika moja. Majivu na ndimu vilevile.

Mtindo wa Goto ulikuwa wa kasri, wa adabu, na baada ya miaka 200 ukaanza kuchosha. Aliyevunja ukimya ni Yokoya Somin, aliyeishi 1670 hadi 1733. Aliiacha kazi ya shoguni akawa fundi wa mjini Edo, akichongea yeyote mwenye fedha. Alikuwa rafiki wa mchoraji Hanabusa Itcho, na alitaka metali iandike kama brashi. Akaishika tindo kiubavu, upande mmoja wa mkato ukazama na wa pili ukapaa, na mstari ukawa mnene unapoanza na mwembamba unapoishia, kama wino. Wafanyabiashara wakaipenda kazi yake.

Kisha, Machi 1876, serikali ya Meiji ikapiga marufuku kuvaa upanga hadharani, isipokuwa kwa wanajeshi, polisi na sherehe rasmi. Kwa amri moja wahunzi, wanoaji, wasuka mipini na wachonga kozuka wakakosa wateja. Wengine wakahamia kwenye visu vya jikoni na vyombo vya mauzo ya nje. Kano Natsuo, pengine mchongaji bora wa kizazi chake, alikuwa ameanza mapema: yeye ndiye aliyechora na kuchonga sarafu za joka za kiwanda kipya cha fedha kilichofunguliwa Osaka mwaka 1871. Mkono uliozoea kozuka ukaingia katika mfuko wa kila mtu. Mwaka 1890 akawa mwalimu katika chuo kipya cha sanaa cha Tokyo, na alifariki mwaka 1898. Mapambo yenyewe yalisafirishwa kwa masanduku. Daktari Mmarekani William Sturgis Bigelow alikusanya mengi, nayo yako Boston.

Mwaka 1945 majeshi yaliyoikalia Japani yalikusanya mapanga nchi nzima. Mengi yaliharibiwa, mengi yakaondoka na askari waliorudi kwao. Yaliyothibitishwa kuwa ya sanaa yaliachwa. Leo anayetaka kufua hujifunza kwa mhunzi mwenye kibali miaka isiyopungua mitano, na akihitimu huruhusiwa mapanga marefu mawili kwa mwezi au mafupi matatu.

Na nguo za zamani? Upanga haulali ndani ya nguo zake. Ala iliyopakwa urushi hushika unyevu, kwa hiyo chuma hukaa katika ala na mpini wa mti mtupu wa ho, bila pambo, iitwayo ala ya kupumzikia. Wakizashi ya mwaka 1350 inaweza kuwa na vazi la mwaka 1820, tsuba ya fundi huyu na menuki za yule, na vyote hivyo sasa vimetenganishwa na chuma chake, huenda katika kabati jingine kabisa. Ili vazi lisiporomoke, seremala huchonga upanga wa mbao wenye umbo lilelile, pamoja na msuka wake na tundu lake, akauingiza mahali pa ule wa kweli. Kisha kijiti cha mwanzi husukumwa mpaka kikazike.